Woody Strode: Kutoka pembeni mwa filamu za kauboi hadi nafasi ya Lumumba

Tarehe 31 Disemba 1994, katika mji wa Glendora jimboni California, alifariki dunia mwigizaji wa Kimarekani Woody Strode, akiwa na umri wa miaka 80. Aliacha nyuma kazi ya zaidi ya miaka 50 mbele ya kamera, ingawa wengi waliozitazama filamu zake hawakulijua jina lake. Walichokikumbuka ni umbo lake: mtu mweusi mrefu, kichwa kimenyolewa, mgongo umenyooka, amesimama kimya nyuma ya mhusika mkuu.

Katika filamu za kauboi, macho ya mtazamaji huelekezwa kwa yule ambaye vijana wa mitaani Afrika Mashariki humwita steringi. Yeye ndiye hufyatua risasi ya mwisho, naye ndiye hubaki na sifa. Lakini filamu hizo zisingesimama bila watu wa pembeni: mwenye baa, daktari mlevi, dereva wa mkokoteni, mtumishi anayeshika hatamu za farasi. Strode alikuwa mmoja wa watu hao wa pembeni, na mara kadhaa alikitumia kipande kidogo alichopewa kusema jambo ambalo filamu nzima ingeweza kulipita bila kulitamka. Ni mtu huyohuyo aliyekuja kuigiza kisa cha kiongozi wa Kongo aliyeuawa, Patrice Lumumba.

Mtoto wa mwashi

Woody Strode alizaliwa tarehe 25 Julai 1914 mjini Los Angeles. Baba yake alikuwa mwashi, na familia ilikuwa na asili ya Louisiana, kusini mwa Marekani. Katika ukoo wao mlikuwa na damu ya Waafrika waliopelekwa utumwani pamoja na damu ya wenyeji wa asili wa Marekani. Kijana huyo alikua haraka hadi kufikia kimo cha takriban mita 1.93, na michezo ndiyo iliyomfungulia mlango wa chuo kikuu cha UCLA.

Mwaka 1936, mchoraji Hubert Stowitts alimchora Strode miongoni mwa wanamichezo wa Kimarekani kwa ajili ya maonyesho yaliyofanyika Berlin wakati wa Michezo ya Olimpiki. Watawala wa Kinazi waliyafunga maonyesho hayo, kwa kuwa miongoni mwa waliochorwa walikuwamo watu weusi na Wayahudi. Hivyo, akiwa na miaka 22 tu, sura yake ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku katika nchi ambayo hakuwa ameikanyaga.

Mwaka 1939 alikuwa katika timu ya UCLA ya futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kubeba mpira na kukumbana. Timu hiyo ilimaliza msimu bila kufungwa. Pamoja naye walicheza vijana wengine weusi, wakiwamo Kenny Washington na Jackie Robinson, katika zama ambazo vyuo vikuu vingi havikuwapa weusi nafasi hata moja.

Ligi kuu ya mchezo huo ilikuwa imefunga milango. Tangu msimu wa 1934 hadi ule wa 1945 hakucheza mtu mweusi hata mmoja. Mlango ulifunguka mwaka 1946, timu ya Rams ilipohama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kutaka kuutumia uwanja mkubwa wa umma wa Coliseum. Waandishi wa habari weusi wa mji huo walihoji kwa nini uwanja uliojengwa kwa fedha za walipa kodi wote ukabidhiwe timu inayowabagua baadhi yao. Timu ikamsajili Kenny Washington, na wiki chache baadaye ikamsajili Strode, rafiki ambaye Washington alimtaka awe naye safarini.

Mwaka mmoja kabla Jackie Robinson hajaingia katika ligi kuu ya besiboli na jina lake kuenea duniani, wenzake hao wawili walikuwa wamekwisha kulivunja zuio kama hilo katika futiboli. Historia imemkumbuka Robinson. Washington na Strode hutajwa kwa nadra. Strode alikuwa anakaribia miaka 32, umri ambao wachezaji wengi wa mchezo huo hufikiria kustaafu. Alicheza msimu mmoja, akidaka pasi nne tu, kisha akaachwa. Mwenyewe aliamini kwamba ndoa yake na Luukialuana Kalaeloa, mwanamke wa Hawaii, ilichangia uamuzi huo. Akavuka mpaka kwenda Kanada, na mwaka 1948 akawa miongoni mwa wachezaji wa Calgary Stampeders walioshinda kombe la Grey bila kupoteza mchezo msimu mzima. Baada ya hapo alijipatia riziki kwa mieleka ya kulipwa.

Mkuki bila maneno

Sinema ilikuwa imekwisha kumgusa kabla ya hapo. Mwaka 1941 alionekana kwa muda mfupi katika filamu ya Sundown, ambayo kisa chake kimewekwa nchini Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ingawa ilipigwa Marekani. Humo alikuwa askari wa kienyeji. Kwa miaka mingi iliyofuata, nafasi alizopewa zilikuwa za namna hiyo: mlinzi, shujaa wa kabila lisilo na jina, mtu wa msituni anayeshika mkuki na hasemi neno. Mwaka 1956, katika filamu ya The Ten Commandments, alipanda cheo akawa mfalme wa Ethiopia, lakini kwa dakika chache tu.

Nafasi ya kwanza yenye uzito ilikuja mwaka 1959 katika filamu ya Pork Chop Hill, kuhusu vita vya Korea. Aliigiza askari mweusi aliyekata tamaa, asiyeona sababu ya kufa ugenini. Watazamaji waliona kwamba mwili ule mkubwa ulikuwa na hofu, hasira na fikra ndani yake. Mwaka uliofuata ndio uliobadilisha maisha yake.

Sajini Rutledge

Mwongozaji John Ford alikuwa bingwa wa filamu za kauboi. Kwa miaka mingi alikuwa ameupiga picha uwanda wa mawe mekundu wa Monument Valley, akisimulia habari za askari weupe wapanda farasi. Mwaka 1960 alitoa filamu ya Sergeant Rutledge, na safari hii askari walikuwa weusi. Braxton Rutledge, sajini mkuu wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi, anasimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa tuhuma za kumbaka na kumuua msichana mweupe na kumuua pia baba wa msichana huyo, ambaye alikuwa kamanda wake.

Kikosi hicho hakikubuniwa na watunga filamu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1866, jeshi la Marekani liliunda vikosi vya wapanda farasi vya askari weusi, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani, wakaja kujulikana kama askari nyati. Vilevile, wanahistoria wengi wanakadiria kwamba wachunga ng'ombe wapatao mmoja kati ya kila wanne wa magharibi ya kale walikuwa weusi. Kwa miongo kadhaa sinema ilikuwa imewafuta watu hao katika picha. Historia yao, hata hivyo, ina utata wake: askari hao waliokuwa wakitafuta heshima yao walitumwa kupigana na wenyeji wa asili waliokuwa wakinyang'anywa ardhi. Filamu ya Ford, kama nyingi za wakati wake, inawaonyesha Waapache kama maadui tu.

Ndani ya filamu hiyo mna picha moja ambayo haipaswi kupita bila kutazamwa vizuri. Ni usiku, askari wamepiga kambi, wanaimba. Juu yao Rutledge anasimama peke yake kwa zamu ya ulinzi, kamera ikimwangalia kutoka chini, mbingu nyuma yake. Hafanyi lolote. Lakini namna hiyo ya kupiga picha, ambayo Hollywood iliwawekea mashujaa weupe, kwa mara moja alipewa mtu mweusi.

Baadaye Rutledge anapata nafasi ya kutoroka. Anavuka mto Pecos kwa farasi, uhuru ukiwa mbele yake. Anapotambua kwamba wenzake wanaelekea katika mtego, anageuka na kurudi kuwaonya, ingawa anajua kurudi huko kunaweza kumpeleka kitanzini. Mahakamani anaulizwa sababu ya kurudi. Strode, aliyekwisha kuzoea nafasi za ukimya, hapo anaachia sauti ipasuke: anaeleza kwamba kikosi kile ndicho nyumbani kwake, na kukikimbia kungemfanya mtu asiye na thamani machoni pake mwenyewe.

Filamu inabeba jina la mhusika wake. Hata hivyo, katika orodha ya majina ya waigizaji, Strode aliwekwa wa nne. Mwenye kubeba filamu nzima alihesabiwa miongoni mwa wasaidizi.

Dakika chache za Draba

Mwaka huohuo wa 1960 alionekana katika Spartacus, filamu ya Stanley Kubrick kuhusu uasi wa watumwa dhidi ya Roma. Si filamu ya kauboi, lakini ndiyo iliyomletea uteuzi wa tuzo ya Golden Globe kama mwigizaji msaidizi. Alikuwa Draba, Mwethiopia aliyefanywa mtumwa wa kupigana uwanjani. Mwanzoni anakataa hata kumtajia Spartacus jina lake, kwa sababu huenda siku moja wakalazimishwa kuuana, na ni vigumu kumuua mtu unayemjua.

Siku hiyo inafika. Wawili hao wanaketi ana kwa ana ndani ya kibanda cha mbao, wakisikiliza wenzao wakiuana nje. Hawazungumzi. Draba anamtazama mwenzake na kutabasamu kidogo. Uwanjani, akiwa na wavu na mkuki wa ncha tatu, anamshinda Spartacus na kumbana ukutani. Wakubwa wa Roma wanataka damu. Draba anasita, kisha anaugeuza mkuki na kuurusha juu, kwa waheshimiwa walioketi, na kuanza kupanda kuwafuata. Anauawa kabla ya kuwafikia, na mwili wake unatundikwa kichwa chini uwe onyo kwa watumwa wengine.

Uasi wote unaofuata, ule unaomfanya Spartacus kuwa shujaa, unatokana na kitendo hicho cha mtu ambaye filamu inamwonyesha kwa dakika chache.

Pompey na maneno yaliyosahauliwa

Mwaka 1962 Ford alimwita tena kwa The Man Who Shot Liberty Valance, ambayo wengi wanaihesabu kuwa moja kati ya filamu bora za kauboi. Nyota walikuwa John Wayne na James Stewart. Strode alikuwa Pompey, mfanyakazi na mwandani wa Tom Doniphon, mhusika wa Wayne. Ukiifuata hadithi kwa juujuu, Pompey ni mtumishi tu. Ukimfuata yeye, unaona hadithi nyingine imefichwa ndani yake.

Katika darasa dogo ambalo wakili Stoddard amelianzisha, Pompey, mtu mzima, anaketi na watoto kujifunza. Anasimama kueleza Tangazo la Uhuru la Marekani, picha ya Abraham Lincoln ikiwa ukutani nyuma yake. Anapofika penye maneno ya usawa wa binadamu wote, yanamtoka kichwani. Anaomba radhi. Mwalimu anamtuliza kwa kumwambia kwamba wengi huyasahau maneno hayo. Filamu ilitoka miaka miwili kabla ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mtazamaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezewa ni akina nani waliokuwa wameyasahau.

Kisha wananchi wanakutana kupiga kura kuchagua wajumbe. Wote wamo ndani; Pompey yuko nje barazani na bunduki yake. Hakuna mhusika anayelitaja jambo hilo. Kamera inaonyesha tu nani yuko ndani na nani yuko nje. Baadaye mwenye baa anakataa kumhudumia, na ni Doniphon anayemlazimisha.

Usiku wa mauaji ambayo filamu nzima inayazunguka, Pompey ndiye anayemrushia Doniphon bunduki gizani. Anaijua siri itakayomfanya mtu mwingine kuwa seneta, naye haitoi maisha yake yote. Doniphon anapoichoma moto nyumba yake kwa uchungu, Pompey ndiye anayemburuta kutoka katika moto. Miaka mingi baadaye, seneta anapokuja mazishini, anamkuta mzee mmoja mwenye mvi ameketi karibu na jeneza la mbao lisilo na pambo. Ni Pompey. Seneta anaondoka akimwachia fedha kidogo mkononi.

Tone la maji

Hollywood haikujua imweke wapi mtu huyu. Ford mwenyewe alimfanya shujaa wa Kikomanche mwaka 1961, kisha mpiganaji katika kundi la majambazi wa Kimongolia mwaka 1966. Mwaka 1966 pia alipata nafasi nzuri katika The Professionals, akiwa mmoja wa wanaume wanne waliokodiwa kwenda Meksiko, hodari wa kufuata nyayo na wa upinde. Lakini Ulaya ndiko kulikomwonyesha njia mpya.

Mwaka 1968 Mwitaliano Sergio Leone alitoa Once Upon a Time in the West. Katika ufunguzi wake, uliopigwa nchini Hispania na kuchukua zaidi ya dakika 10, watu watatu wenye silaha wanasubiri treni katika stesheni iliyo jangwani. Karibu hakuna neno linalosemwa. Muziki hakuna, kinasikika kinu cha upepo kikilia kwa kukosa grisi. Jack Elam anasumbuliwa na nzi usoni. Al Mulock anavinyoosha vidole vyake kimoja kimoja hadi vikalia. Strode amesimama chini ya tangi la maji, na tone linamdondokea kichwani. Hasogei. Anavaa kofia. Matone yanaendelea, moja baada ya jingine, yanajaa polepole. Treni inapokaribia, anaivua kofia na kuyanywa maji yaliyokusanyika katika ukingo wake.

Dakika chache baadaye wote watatu wamekufa, na hadithi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Hata hivyo, watazamaji wengi waliosahau mengi ya filamu hiyo ndefu bado wanakumbuka nzi, vidole na tone la maji. Waigizaji hao watatu hawakupewa hotuba. Walipewa muda, wakajua la kuufanyia.

Kivuli cha Lumumba

Mwaka huohuo, nchini Italia, Strode alipata kitu ambacho Marekani ilikuwa imemnyima: filamu iliyomweka katikati. Valerio Zurlini alimpa nafasi ya Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, kuteswa na kuuawa. Filamu hiyo, Seduto alla sua destra, iliyosambazwa pia kwa jina la Black Jesus, haimtaji Lumumba, lakini kisa chake kilichukuliwa kutoka mwisho wa waziri mkuu huyo wa kwanza wa Kongo. Ilichaguliwa kushindana katika tamasha la Cannes la 1968, lakini tamasha hilo likavunjwa kutokana na machafuko yaliyoikumba Ufaransa mwezi Mei.

Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, karibu na mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Filamu ilitengenezwa miaka saba tu baadaye, jeraha likiwa bado bichi. Mtindo wa Strode ulifaa kazi hiyo: mfungwa wake hatetemeki wala hapigi kelele, na watesaji wake ndio wanaoonekana kuhangaika. Wakongo wanafahamu pia kwamba Lumumba hakufa peke yake. Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi pamoja naye usiku uleule, na majina yao husahauliwa kwa urahisi. Hata katika msiba mkubwa wapo wanaobaki pembeni mwa picha.

Mzee msimulizi

Strode aliendelea kufanya kazi Italia na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Urafiki wake na John Ford ulidumu; mwongozaji huyo alipokata roho mwezi Agosti 1973, Strode alikuwa miongoni mwa waliokuwa naye. Mke wake Luukialuana, aliyemzalia watoto wawili, alifariki mwaka 1980. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha maisha yake, Goal Dust, ambamo viwanja vya michezo vinachukua nafasi sawa na sinema.

Mwaka 1993 Mario Van Peebles alitengeneza Posse, filamu ya kauboi yenye waigizaji wengi weusi, na akamchagua Strode awe mzee anayeifungua na kuifunga hadithi, akiwakumbusha watazamaji juu ya weusi waliojenga magharibi ya Marekani. Mtu aliyepewa mkuki bila maneno mwaka 1941 sasa alikuwa ndiye mwenye kusimulia.

Saratani ya mapafu ilimchukua mwaka uliofuata. Kwa kuwa alilitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Riverside, California. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ya kauboi pia, ilitoka mwaka 1995 ikiwa imetolewa kwa heshima yake.

Mwaka huohuo ilitoka Toy Story, filamu ya katuni ambayo mhusika wake mkuu ni mwanasesere kauboi aitwaye Woody. Watengenezaji wake wameeleza kwamba jina hilo lilitokana na Woody Strode. Watoto wa mataifa mengi wanalitamka hadi leo, na safari hii lina steringi.